Makinda Watatu wa Mpiga Pasi

Watu walimwita Pasi, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja kubwa, chini kabisa kwa ngazi za nyuma, akinyoosha mashuka ya wageni na makoti meupe ya wapishi. Alikuwa na maringo ya kazi yake na, tumpe haki yake, alistahili. Ungempa shati lililokunjamana ndani ya begi siku tatu, angekurudishia ukadhani limetoka dukani. Wanagenzi walipima moto wa pasi kwa kuinyunyizia maji. Yeye aliigusa kwa vidole viwili tu, chap, akasema, "Bado," au, "Haya, leta." Pasi ambayo ingemtoa mtu malengelenge, yeye aliiita vuguvugu.

Halafu hoteli ikaleta mashine. Unaingiza shuka huku, linatokea kule limenyooka na kukunjwa, na mashine haiombi likizo wala haikohoi. Pasi akapewa mkono wa kwaheri, saa ya ukutani na barua yenye maneno matamu. Akafika nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuiona nyumba yake siku ya kazi, akamkuta mama mkwe wake amekaa sebuleni na ndege wake.

"Umefukuzwa," mama mkwe akasema hata kabla ya salamu.

"Shikamoo Mama. Umejuaje?"

"Marahaba. Unavuta miguu."

Huyo ndiye mama mkwe. Alikaa miaka thelathini kwenye swichibodi ya simu, akiunganisha watu asiowaona, na sasa macho yalikuwa yamefifia hadi akabaki anatofautisha dirisha na ukuta tu. Lakini masikio, weee! Angekuambia nani anapanda ngazi kabla hajafika ghorofa ya pili, na kama viatu vyake ni vipya au vya kuazima. Binti yake, yaani mke wa Pasi, alikuwa muuguzi, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Miaka minne nyuma alimleta mama yake aje kuishi nao ghorofa ya tatu, na mama akaja na kasuku wake wawili, dume na jike, wale wadogo wa kijivu wenye kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa.

Yule dume alikuwa na mluzi wake. Sauti mbili za chini, moja ya juu. Kila jioni, muuguzi akikanyaga tu ngazi za chini, dume alipiga mluzi ule, na mama mkwe aliinua kidevu na kutangaza, "Mwenye nyumba kaja." Jirani akipita, kimya. Mchuuzi wa mayai akipita, kimya. Na Pasi, aliyebeba lile tundu la ndege begani ngazi arobaini na moja siku lilipoletwa, Pasi akipanda, kimya vilevile.

"Hata ndege hajaona sababu," mama mkwe alikuwa akisema, na Pasi alicheka pamoja nao, ingawa neno hilo lilikuwa linamchoma.

Si kwamba alimchukia mkwewe, tusimsingizie bibi wa watu. Alikuwa tu hajaamua bado. Hajaamua kwa miaka kumi na tisa ya ndoa! Akimsema kwa binti yake alimwita "huyo bwana wako," na akimsema usoni alimwita "wewe," basi. Mwanamume anayenukia sabuni kuliko mke wake alikuwa hajui amweke wapi.

Mtu aliyezoea kazi ukimfungia ndani atatafuta pa kuweka mikono. Wiki ya kwanza Pasi alinyoosha mapazia. Ya pili akanyoosha vitambaa vya jikoni, soksi, na siku moja mkewe alimfumania akinyoosha gazeti. Wiki ya tatu aliona komeo la mlango wa tundu limelegea, akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi. Akatoa komeo, akabana mlango kwa kibanio cha nguo, kile cha mbao chenye springi.

"Kibanio hiki kimeshika mashuka ya ghorofa tano kwenye upepo," alijisifu.

Kimeshika mashuka, sawa. Lakini shuka lina mdomo? Kasuku walikitafuna kile kibanio siku mbili taratibu, kwa adabu zote, na asubuhi ya tatu, Pasi alipofungua dirisha kutoa mvuke wa pasi, kibanio kikakatika vipande. Jike akatoka kwanza, prrr, dume nyuma yake. Pasi alishuka ngazi zote na taulo mkononi, akipiga mluzi kama kichaa, na watu wa mtaani wakampisha. Ndege wakakaa kidogo juu ya bomba la moshi la duka la mikate, wakatazamana, wakaenda zao. Walitafutwa siku tatu na hawakuonekana tena.

Aliporudi juu akihema, mama mkwe alikuwa amesimama kando ya tundu, mkono umezama ndani ya kile kisanduku cha kutagia kilichoning'inizwa ubavuni. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Watatu," akasema. "Mkubwa ana wiki mbili. Mdogo hajamaliza hata siku kumi na moja. Wote wako uchi." Akatoa mkono. "Umewafungulia mama yao na baba yao. Haya, baba ni wewe na mama ni wewe. Wakifa hawa, mimi na wewe tusizungumze tena humu ndani. Laini nitaikata."

Na Pasi alijua kwamba huyu mama akikata laini, imekatika. Alikuwa na dada yake ambaye hawajasemeshana tangu enzi za simu za kukoroga.

Siku ileile alikwenda kwa Daktari. Si daktari wa kweli, alikuwa muuza dawa za mifugo mwenye duka jembamba kona ya pili, lakini alikuwa amefuga kila chenye mbawa na watu walimwamini. Alimpa Pasi unga maalumu wa makinda, bomba la sindano lisilo na sindano, na maelekezo. Koroga uji mwepesi kwa maji yaliyochemka. Ingiza bomba upande wa kushoto wa mdomo, sukuma polepole, mpe nafasi ameze. Hapa shingoni kuna mfuko wa chakula, unaitwa gole. Ujae, usikakamae. Usimlishe tena mpaka uishe. Waweke kwenye kasha lenye balbu, wapate joto.

"Na uji uwe na joto la nyuzi thelathini na tisa, arobaini, basi," Daktari akamaliza. "Kipimajoto nimeishiwa, ila wiki mbili hivi nitaleta. Tafuta kwingine kwanza."

Pasi alicheka kwa kweli. "Nipime joto kwa kijiti cha kioo? Mimi?"

"Wewe, ndiyo."

"Ndugu yangu, mimi hii ndiyo kazi iliyonilea," akasema, akanyoosha vidole vyake viwili juu kama mtu anayeonyesha cheti.

Basi akaanza. Tumpe sifa, mkono wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi. Makinda walikuwa vituko vya kutazama, matumbo makubwa, macho nusu, manyoya ya njano machache yamesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa. Wakiona bomba walitikisa vichwa na kupiga kelele za msumeno. Alimlisha mkubwa kwanza kila mara, maana ndiye aliyekuwa na fujo, uji ukiwa umetoka tu jikoni; kisha wa kati, kisha mdogo. Aligusa uji kwa vidole viwili, akasema "Haya," akasukuma. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake akisikiliza.

Siku ya nne mkubwa alikataa kula. Siku ya tano gole lake lilikuwa na doa jekundu, likawa jeusi, na uji aliomeza ukaanza kuvuja shingoni. Siku ya sita asubuhi Pasi alifunua kasha akamkuta amelala ubavu, wenzake wamemsogelea kana kwamba bado ana joto. Mwanamume mzima alikaa chini sakafuni na yule ndege kiganjani, na ukweli ni kwamba alilia.

Akamfunga kwenye leso iliyonyooshwa vizuri, akampeleka kwa Daktari. Daktari alitazama mara moja tu.

"Umemuunguza."

"Haiwezekani. Uji ulikuwa vuguvugu."

"Kwa nani?" Daktari akauliza. Akawasha birika lake, akasukuma kikombe mbele. "Nikorogee kama unavyowakorogea."

Pasi akakoroga, akatumbukiza vidole viwili, akangoja kidogo, akasema, "Tayari." Daktari akamimina tone kwenye kifundo cha mkono wake. Aliruka akapiga kiwiko kwenye rafu, na makopo mawili ya dawa ya kupe yakaanguka.

"Lahaula! Hili ndilo unaloliita vuguvugu? Wewe mikono yako imeshakufa, bwana! Na huyu mkubwa ndiye aliyekuwa anakula wa kwanza, sivyo? Wenzake walikuwa wanapata kilichopoa."

Pasi alitazama vidole vyake. Miaka ishirini na sita alivionea fahari, kumbe havikuwa vinapima moto. Havikuwa vinahisi kitu kabisa. Alitembea kurudi nyumbani akiona aibu hata kuviweka nje ya mfuko.

Angeweza kusema kinda alikufa tu, makinda hufa. Nani angejua? Alipanda ngazi arobaini na moja akiupanga huo uongo, na alipofika mlangoni akauacha nje.

"Mama," akasema, "nimemuua mimi. Nimemuunguza kwa uji. Vidole vyangu havijui moto tena, na nilikuwa sijui kwamba havijui."

Pasi akajua sasa ndiyo laini inakatika. Badala yake bibi alinyoosha mkono.

"Lete hapa hivyo vidole."

Kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kushikana mikono zaidi ya salamu za sikukuu. Akavipapasa kimoja kimoja, ncha zake, viganja, makovu ya zamani ya mvuke.

"Hivi ni vidole au soli za viatu?"

"Soli, Mama."

"Hmm." Akaviachia. "Mimi ngozi yangu imekuwa kama ya kitunguu. Chai nainywa ikiwa baridi kwa sababu kila kitu kinaniunguza. Koroga huo uji, ulete."

Pasi akakoroga. Bibi akakunja mkono wa gauni, akageuza kifundo juu, na Pasi akadondosha tone moja.

"Moto. Subiri." Akangoja. Tone la pili. "Bado moto. Subiri kidogo tafadhali." Sauti ilikuwa ileile ya swichibodi, ya kumwambia mkubwa fulani avumilie. Tone la tatu. "Sasa. Naunganisha. Mpe!"

Akampa, na wale wawili waliobaki wakala mpaka wakasinzia. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walishasema. Hapa palikuwa na mmoja asiyehisi na mwingine asiyeona, na kwa pamoja wakafanya mtu mmoja mzima.

Tangu hapo nyumba ikawa na ratiba kama ya hospitali. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na mara moja ya mwisho kabla ya kulala. Kila asubuhi Pasi aliwapima uzito kwenye mizani ya jikoni na kusoma kwa sauti, na mama mkwe aliweka tarakimu zote kichwani, maana mtu aliyejua namba za simu za mji mzima hahitaji daftari. Majina alikataza. "Ukimpa jina akafa utalia mara mbili." Kwa hiyo mmoja akawa wa Kati, na mdogo akawa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na wote wawili wakajifanya hayo si majina.

Pasi alikuwa akishuka mara nyingi kwa siku, kutupa taka, kununua balbu, kuchukua maji bomba la chini yalipokatika juu. Akirudi, kabla hajafika mlangoni, alikuwa akimsikia mama mkwe ndani anapiga mluzi. Sauti mbili za chini, moja ya juu, zikipita kwa taabu kwenye pengo la meno. Akifungua mlango, bibi hunyamaza. "Anamlilia dume wake," Pasi alijisemea, na kila mara moyo ulimuuma, akaogopa kuuliza.

Wiki ya pili ya ratiba hiyo ndiyo iliyowajaribu. Saa nne asubuhi Pasi alimtoa Kitinda, akamweka mapajani kwa bibi kama kawaida ili apapase gole kabla ya chakula. Bibi akakunja uso.

"Laini ina shughuli hapa. Cha saa kumi na mbili bado kipo."

"Tumngojee?"

"Tumngojee."

Saa nane bado kipo, na kimeanza kuwa kigumu. Kitinda hapigi tena kelele za msumeno. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, imekauka, imemshika mifupa. Pasi alikimbia kwa Daktari, na Daktari hakumficha. Usimpe uji. Maji ya vuguvugu, matone tu, na umsugue gole taratibu. Akivuka kesho mchana, amepona. Asipovuka, basi, ulijaribu.

Muuguzi aliporudi kutoka kazini alimtazama kinda na kusema, "Huyu amekaukiwa maji mwilini. Ningekuwa wodini ningemtundikia dripu."

"Anakunywa kama mwenzake," Pasi akasema. "Anakaukiwaje?" Na hapo akakaa mbele ya kasha, akalitazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu wa kazi.

Akaingiza mkono, akachukua kitambaa alichowatandikia asubuhi. Alikitandika kikiwa bado kibichi kidogo, tena wamekichafua. Sasa kilikuwa kikavu kau, kinatoa sauti mkononi. Akakinusa. Ala! Harufu hii aliijua. Ilikuwa harufu ya kitani kinachokaribia kuungua, pasi ikiwa na moto na haina mvuke.

"Joto kavu!" akapiga kelele, na mama mkwe akaruka kitini. "Nawakausha! Mwaka wa kwanza kazini niliharibu vitambaa vya meza arobaini kwa joto kavu, nikafundishwa nikiwa nalia. Huwezi kunyoosha kitani bila unyevu, na mimi nimekaa hapa nawachoma watoto wa watu kwa balbu!"

Hakuna aliyemwona Pasi akienda mbio hivyo tangu ndege watoroke. Akachemsha maji, akatia sifongo ndani ya bakuli, akafunika kwa wavu wa chujio wasije wakatumbukia, akaweka pembeni mwa kasha. Akaloweka taulo, akalikamua mara tatu kwa ule ukamuaji wa mafundi, likabaki na unyevu bila kudondosha tone, akalifunika juu nusu. Akaisogeza balbu. Akangoja mpaka kioo cha mbele ya kasha kikapata ukungu mwembamba pembeni, si katikati, akasema, "Hapo." Na safari hii hakugusa kwa vidole. Alitumia macho na pua, na hivyo vilikuwa bado hai.

Jioni yote walipokezana. Bibi anapima maji kwenye kifundo, "Sasa, naunganisha," Pasi anadondosha matone mawili, bibi anasugua gole kwa kidole kimoja chembamba, muuguzi anakamua taulo. Hata chakula kilipoiva walikula mmoja mmoja. Wakaenda kulala, kila mtu akimwogopea kinda mwenye uzito wa mayai mawili.

Asubuhi Pasi hakuthubutu kufunua kasha. Akalibeba zima zima, akaliweka mbele ya mama mkwe. Bibi akaingiza mkono, akapapasa, akapapasa tena, na uso wake ukafunguka.

"Tupu!" akasema. "Gole tupu! Imeunganishwa!" Na Kitinda, kama aliyekuwa anangoja jina lake litajwe, akaachia msumeno mmoja ambao majirani wa ghorofa ya pili waliusikia. Pasi akacheza. Alicheza pale sebuleni na sifongo mkononi, na mama mkwe akampigia makofi ya mdundo, na muuguzi akachelewa kazini kwa kuwatazama.

Kipimajoto kilifika siku tatu baadaye. Daktari alikileta mwenyewe, maana alitaka kuona. Wakakoroga uji, Daktari akatumbukiza kipimajoto na kukisoma kimoyomoyo, na bibi akapewa tone.

"Arobaini," bibi akasema. "Arobaini kamili. Ngoja kidogo... haya, sasa inashuka."

Daktari akatazama kijiti, akamtazama bibi, akatazama kijiti tena. "Ningejua," akasema, "ningekuja kukuazima wewe, nisingeagiza hivi vitu." Kipimajoto kikawekwa kwenye droo ya vijiko, na kipo mpaka leo.

Manyoya yakaota. Kwanza yalikuwa mirija kama miiba, kisha yakafunguka, kijivu laini, na mashavu yakapata doa la chungwa. Wa Kati alijifunza kumenya mbegu mapema na kujivuna, mtoto wa kazi. Kitinda alijua kumenya lakini akimwona Pasi alijifanya hajui, anatikisa kichwa na kulia mpaka apewe bomba. "Umemdekeza," bibi alimwambia, na yeye mwenyewe alikuwa amemfichia mbegu mkononi. Siku Kitinda aliporuka mara ya kwanza, alitoka juu ya kabati, akapita juu ya meza ya pasi, akakosea kona, akatua kichwani kwa Daktari aliyekuja kunywa chai. Hakuna aliyecheka kama bibi, ingawa ndiye pekee asiyeona. Alisikia mbawa, alisema, alisikia zimepiga mara kumi na moja.

Mlango wa tundu sasa ulikuwa na kufuli la geti. Pasi alikuwa amejifunza.

Na kwa vile meza ya pasi ilikuwa daima imefunguliwa, jirani mmoja alileta shati, wa pili akaleta suti, na mambo yakaenda hivyo. Bibi alipokea wateja kwa sauti yake ya kazini, "Subiri kidogo, nakuunganisha na fundi," na hakusahau nguo ya mtu hata moja. Mwezi wa nne tangu ndege watoroke, Pasi alikuwa akipanda na kushuka ngazi mchana kutwa akipeleka nguo zilizonyooka.

Basi jioni moja alipeleka koti la mwalimu wa jengo la pili. Mkewe alikuwa amesharudi kutoka kazini, ameketi jikoni anamenya vitunguu. Pasi akarudi mikono mitupu, ndara zake zikipiga sakafu, akakanyaga ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Juu kukatoka mluzi. Sauti mbili za chini, moja ya juu.

Akasimama. Haukuwa ule wa bibi unaovuja kwenye meno. Ulikuwa mwembamba, safi, wa ndege. Akageuka nyuma kumpisha mkewe, maana mluzi huo ni wa mkewe, lakini nyuma hakukuwa na mtu. Na mkewe si yuko juu? Akakanyaga ngazi moja, kwa kunyata. Kimya. Akakanyaga nyingine kwa mguu wake wa kawaida. Mluzi! Akapanda tatu kwa kishindo. Mluzi, mluzi, mluzi, Kitinda huyo, anapasuka koo!

Ndipo ikamwingia akilini. Mara zote zile bibi alipokuwa akipiga mluzi ndani, hakuwa akimlilia dume. Alikuwa akisikia ndara ngazini, anawafundisha makinda ni nani anayekuja. Alianza tangu wakiwa uchi. Alianza siku aliposhika vidole vyake.

Pasi alipanda ngazi zilizobaki mbio, mbili mbili, akiwa na miaka hamsini na mitatu, machozi yakimtoka bila aibu yoyote. Mlango ulikuwa wazi. Kitinda alikuwa begani kwa mama mkwe, kishungi kimesimama, na bibi alikuwa ameinua kidevu kuelekea mlangoni, akitangaza kwa ile sauti iliyounganisha mji mzima kwa miaka thelathini, ili wa jikoni asikie na wa ghorofa ya chini asikie:

"Mwenye nyumba kaja!"